Rais Akifariki Ghafla, Gazeti la Mkoani Liandike Nini?

Hotuba kwa waandishi wa habari vijana wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Kamwene kwa ndugu zetu mliotoka Iringa na Njombe. Wenyeji wa Mbeya, ndaga fijo kwa kutukaribisha. Walimu, wahariri, na ninyi vijana mliojaza viti vya mbele, nawasalimu wote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika habari za misiba mikubwa. Misiba ni mingi, nami nimechukua mmoja tu: kifo cha ghafla cha rais aliye madarakani. Nimeuchukua kwa sababu ya mahali tulipo. Kutoka hapa, barabara moja inakupeleka Tunduma na nyingine inakupeleka Kasumulu. Ng'ambo ya Tunduma, Wazambia wamezika marais wawili waliofariki wakiwa madarakani: Levy Mwanawasa mwaka 2008 na Michael Sata mwaka 2014. Ng'ambo ya Kasumulu, Wamalawi walimzika Bingu wa Mutharika mwaka 2012. Na sisi wenyewe tulimzika Rais John Pombe Magufuli mwezi Machi 2021. Nchi tatu zinakutana kwenye kona hii, na katika miaka 13 zimepoteza marais wanne. Mwandishi wa hapa akisema habari ya kifo cha rais ni ya wenzetu wa Dar es Salaam, atakuwa hajaitazama ramani yake mwenyewe.

Kwa hiyo jambo langu leo ni hili. Rais akifariki, magazeti makubwa yataandika habari za dola: nani ameapishwa, nani ametuma rambirambi, jeneza limepita wapi. Hayo yatafanyika hata mkoa huu ukikosa mwandishi hata mmoja. Gazeti la mkoani lina kazi yake, na ikiwa halikuifanya hakuna mwingine wa kuifanya: kuandika kilichotokea hapa, saa ngapi, nani alisema nini, na nani aliyesikia.

Niruhusuni niende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko kuna mfano ambao kila mwandishi wa mkoani anapaswa kuujua. Tarehe 22 Novemba 1963, siku ya Ijumaa, Rais John F. Kennedy aliuawa kwa risasi mjini Dallas, jimbo la Texas. Dallas haukuwa mji mkuu wa nchi wala wa jimbo. Ulikuwa mji wa biashara wenye magazeti mawili yanayoshindana: Dallas Morning News, lililotoka asubuhi, na Dallas Times Herald, lililotoka mchana. Siku hiyo habari kubwa kuliko zote duniani iliangukia mlangoni pao.

Tazameni jinsi magazeti yale yalivyokuwa ndani ya habari hata kabla risasi haijalia. Siku tatu kabla ya ziara, yote mawili yalikuwa yamechapisha njia ambayo msafara wa rais ungepita, mtaa kwa mtaa, ili wananchi wajue pa kusimama. Hiyo ni kazi ya kawaida ya gazeti la mji, nasi tunaifanya kila kiongozi anapokuja. Asubuhi ile ile ya tarehe 22, Dallas Morning News lilichapisha tangazo la kulipiwa la ukurasa mzima, limezungushiwa mstari mweusi kama tanzia, likimkaribisha rais kwa maneno ya juu juu na kisha kumshambulia kwa maswali 12. Uwanja alipopigiwa risasi unaitwa Dealey Plaza, jina la George Bannerman Dealey, aliyeliongoza gazeti hilo kwa miaka mingi. Na saa risasi zilipolia, Jack Ruby, mtu ambaye siku mbili baadaye angemuua Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji hayo, mbele ya kamera, alikuwa ndani ya jengo la Dallas Morning News, idara ya matangazo, akiandaa matangazo ya vilabu vyake vya usiku.

Risasi zilipigwa saa sita na nusu mchana. Dakika nne baadaye, Merriman Smith wa shirika la habari la UPI, aliyekuwa ndani ya gari la waandishi katika msafara, alikuwa ameshapeleka habari ya kwanza. Aliushika mkono wa simu ya gari na kukataa kumpa mwenzake wa shirika pinzani la AP, hata wakakwaruzana humo humo ndani ya gari. Mwaka uliofuata alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Madaktari wa hospitali ya Parkland walitaja saa saba mchana kuwa ndiyo saa ya kifo.

Ninayetaka mumjue zaidi, hata hivyo, ni Hugh Aynesworth. Alikuwa mwandishi wa Dallas Morning News na siku ile hakupangiwa msafara. Wenzake walikuwa wamegawana kazi, yeye hakuwa na kitu, akaamua kutembea kwenda kumtazama rais akipita kama mtu mwingine yeyote. Hakubeba daftari wala kalamu. Risasi zilipolia, alinunua penseli kwa mtoto aliyekuwa pale, akaandika nyuma ya bahasha za bili zilizokuwa mfukoni mwake. Akaanza kuwauliza watu pale pale: umeona nini, ulikuwa umesimama wapi, umesikia mara ngapi. Jioni haijafika alikuwa ameshafika ndani ya jumba la sinema ambamo Oswald alikamatwa. Jumapili alikuwapo kwenye orofa ya chini ya makao ya polisi Oswald alipouawa.

Waandishi wa Washington walikuwa na kadi za Ikulu shingoni. Msafara ulipokimbilia hospitali, nao wakachukuliwa kukimbilia hospitali, maana kazi yao ilikuwa kumfuata rais. Aliyebaki uwanjani na mashahidi ni mwandishi wa mji. Aliijua mitaa, na lafudhi yake ilikuwa ya watu wale wale aliokuwa akiwauliza. Hiyo ndiyo nguvu yenu ninyi. Mtu wa Mwanjelwa aliyeona jambo atamweleza nani kwanza, mgeni aliyeshuka Songwe na ndege ya asubuhi, au wewe unayenunua viazi kwake?

Kulikuwa pia na Mary Woodward, mwandishi kijana wa kurasa za wanawake katika gazeti hilo hilo. Alikwenda na wenzake wa ofisini wakati wa chakula cha mchana, wakasimama kandokando ya barabara, na rais akapigwa mbele yao. Alirudi ofisini akaandika alichokiona na alichokisikia, na kikatoka kesho yake. Alisema hata sauti aliisikia ikitokea upande gani. Miaka mingi baadaye watafiti walikuwa bado wanayarudia maelezo yale, kwa sababu yaliandikwa siku ile ile, kabla watu hawajaanza kusimuliana na kuchanganya walichoona na walichoambiwa.

Na picha. Bob Jackson wa Times Herald alikuwa ndani ya msafara, na risasi zilipolia kamera yake ilikuwa haina filamu. Alikuwa ametoka kuitoa ili amrushie mwandishi mwenzake. Akatazama juu akaona bunduki dirishani, na hakuwa na kitu cha kupigia picha. Jumapili, siku mbili baadaye, Ruby alipojitokeza na bastola, Jackson alibonyeza wakati risasi inamwingia Oswald. Jack Beers wa Morning News alibonyeza kama sehemu sita za kumi za sekunde moja kabla yake, bastola ikiwa imeelekezwa lakini haijalia. Picha zote mbili ni nzuri sana. Ya Jackson ndiyo iliyopata Pulitzer. Sisemi hili kuwaambia mbahatishe. Nasema yule aliyekosa siku ya Ijumaa hakukaa nyumbani Jumapili.

Makosa nayo yalikuwapo siku ile, tena mengi. Ilitangazwa kwamba mlinzi mmoja wa rais ameuawa papo hapo, haikuwa kweli. Ilisemwa kwamba Makamu wa Rais Lyndon Johnson naye amejeruhiwa, haikuwa kweli. Habari hizo zilitoka kwenye mashirika na redio zenye sifa kubwa, kwa sababu mtu alimwona mtu ameshika mkono wake, au polisi alimwambia polisi mwenzake, na mwandishi akaamini.

Kesho yake Dallas Morning News lilitoka na kichwa cha habari kinachosema kwamba Kennedy ameuawa katika mtaa wa Dallas. Nimekitafakari sana kichwa kile. Mhariri angeweza kuandika tu kwamba rais ameuawa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mji ulikuwa umejaa aibu. Mwezi mmoja kabla, balozi Adlai Stevenson alikuwa amepigwa kwa bango mjini hapo hapo. Tangazo lenye mstari mweusi lilikuwa la jana tu, katika kurasa za gazeti lile lile. Hata hivyo waliliweka jina la mji wao kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa. Gazeti la mji likiuficha mji wake siku kama ile, nani tena atauandika?

Nirudi kwetu, nianze na jirani wa kusini. Tarehe 5 Aprili 2012, siku ya Alhamisi, Rais Bingu wa Mutharika alianguka ghafla mjini Lilongwe kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 78. Serikali ya Malawi haikuthibitisha kifo chake mpaka tarehe 7. Katikati ya siku hizo mwili ulipelekwa Afrika Kusini kwa ndege kana kwamba mgonjwa anakwenda kutibiwa. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilieleza kwamba alikuwa ameshafariki kabla ya safari hiyo. Usiku wa tarehe 6 mawaziri sita walikaa mbele ya waandishi wakasema Makamu wa Rais, Joyce Banda, hana haki ya kuchukua madaraka kwa kuwa alikuwa ameshatoka katika chama tawala. Katiba ya Malawi ilisema vingine, na tarehe 7 Banda akaapishwa.

Fikirieni mwandishi wa Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, katika siku zile. Watu wa Kyela wana shemeji Karonga, wana wateja Karonga, na habari zilikuwa zinavuka Mto Songwe kwa simu kabla serikali haijasema neno. Mwandishi yule angefanya nini? Angeweza kuandika kwamba rais amefariki kwa kuwa kila mtu anasema. Angeweza kukaa kimya kwa kuwa wakubwa hawajasema. Ipo njia ya tatu nayo ni ngumu: kuandika tunachokijua kwa jina na kwa saa. Rais alipelekwa hospitali siku fulani. Serikali imeulizwa saa fulani, haijajibu. Mawaziri wamesema hivi. Katiba, kifungu fulani, inasema hivi. Kila sentensi ya namna hiyo inaweza kusimama mahakamani. Na msomaji mwenye akili zake atajua kinachoendelea.

Upande wa Zambia kuna somo la kinyume chake. Rais Mwanawasa alipata kiharusi mwishoni mwa mwezi Juni 2008 akiwa Misri kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, akahamishiwa Ufaransa. Tarehe 3 Julai redio moja ya Afrika Kusini ikatangaza kwamba amefariki. Rais Thabo Mbeki akawasimamisha watu kwa dakika ya ukimya. Mwanawasa alikuwa hai. Alifariki tarehe 19 Agosti, wiki sita na zaidi baadaye, katika hospitali iliyo karibu na Paris. Hebu mfikirieni mke na watoto wa mtu yule wakisikia taifa zima linamlilia ilhali wamekaa kando ya kitanda chake anapumua. Mwandishi akiharakisha kifo cha mtu, hata akiomba radhi mara mia, familia ile hawezi kuirudishia siku ile.

Sasa Machi 2021. Hapa nitakwenda polepole kidogo kwa sababu ni msiba wetu na wengi wenu mnaukumbuka.

Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho mwishoni mwa mwezi Februari. Siku zikapita. Maswali yakaanza, kwanza mitandaoni, kisha kwenye magari, sokoni, kwenye nyumba za ibada. Watu walikamatwa wakituhumiwa kueneza uvumi kuhusu afya yake. Tarehe 12 Machi, siku ya Ijumaa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Njombe. Narudia: Njombe. Hapo hapo kwetu. Akazungumza na waumini msikitini baada ya sala, akawahakikishia kwamba Rais yupo, ni mzima na anachapa kazi, na kwamba watu wasibabaishwe na wanaosema vinginevyo.

Tarehe 17 Machi, karibu saa tano usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ziarani Tanga, alitokea kwenye televisheni ya taifa akatangaza kwamba Rais amefariki jioni ile, majira ya saa 12, katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo. Akaeleza pia kwamba alilazwa kwanza tarehe 6 Machi katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa tarehe 7, kisha akalazwa tena tarehe 14.

Wekeni tarehe hizo pamoja na ile ya Njombe. Sizitaji ili tumhukumu mtu. Wakubwa wana sababu zao za kusema wanachosema katika saa ngumu, na historia itazipima. Nazitaja kwa sababu kauli ile ilitolewa katika mmoja wa mikoa yetu, mbele ya watu wetu, na leo ni sehemu ya historia ya nchi. Msomaji wa Njombe angependa kujua ilisikika vipi pale. Waumini walipokeaje? Waliotoka msikitini walisema nini wakivaa viatu? Usiku wa tarehe 17, tangazo lilipotoka, watu wale wale walifikiri nini? Haya hayakuhitaji kibali cha mtu yeyote. Yalihitaji mwandishi mwenye daftari, anayefahamika mtaani na anayeaminika.

Usiku ule kulikuwa pia na tatizo la kazi, nalo nalitaja ili mjiandae. Toleo la mikoani la magazeti ya Dar es Salaam hufungwa mapema ili liwahi magari ya kuja huku. Tangazo la saa tano usiku linakuta kurasa zimefungwa au ziko mbioni kufungwa. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800. Hapo ndipo gazeti linalochapwa karibu, au redio ya mkoa, au hata ukurasa wa mtandaoni wa mwandishi makini, unapoweza kumfikia msomaji kabla ya basi. Ukijua hilo leo, unajiandaa leo. Wasifu wa viongozi wakuu uwe umeandikwa, umehaririwa, umewekwa. Ofisi zote kubwa za habari duniani hufanya hivyo na wala si kumwombea mtu mabaya. Namba za simu za mashehe, maaskofu, wazee wa mila, madaktari, wanasheria, wenyeviti wa mitaa, ziwe kwenye daftari moja ambalo hata mwanafunzi wa mafunzo kazini anaweza kulifungua.

Na Katiba iwe mezani. Asubuhi ya tarehe 18 Machi swali lililokuwa kila mahali lilikuwa moja: sasa nani? Watanzania hatukuwahi kupoteza rais wa Jamhuri ya Muungano akiwa madarakani. Mwalimu Nyerere tulimpoteza Oktoba 1999 akiwa ameshang'atuka. Jibu liko Ibara ya 37, ibara ndogo ya 5: Rais akifariki, Makamu wa Rais anaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki wa kipindi cha miaka mitano. Sentensi moja. Gazeti linaloiweka sentensi hiyo ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili cha kawaida, linawatuliza watu wengi kuliko tahariri ndefu yenye machozi. Rais Samia aliapishwa tarehe 19, na mambo yakaenda kama Katiba ilivyosema. Kumbukeni Lilongwe, mawaziri sita na usiku wao, muone kwa nini nasisitiza.

Kuhusu lugha nina neno moja. Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa mwenyewe kupitia redio. Tafuteni sauti ile muisikilize kama waandishi. Ni sentensi chache sana. Anamtaja kwa jina lake kamili. Anasema saa. Anasema alikuwa anatoka wapi kwenda wapi. Anasema ni ajali ya gari. Anasema amefariki dunia. Uchungu wote umo ndani ya sauti, na maneno yenyewe yamebaki ya taarifa. Mwalimu wa uandishi wa habari hawezi kupata mfano bora wa aya ya kwanza. Siku za msiba mkubwa kalamu zetu huvimba, tunaandika mbingu zimeinama na nchi imetetemeka, na ukimaliza aya tatu bado hujui mtu amefariki saa ngapi.

Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1945, Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alifariki ghafla kwa kuvuja damu kwenye ubongo akiwa mapumzikoni katika mji mdogo wa Warm Springs. Vita vilikuwa vinaendelea na magazeti yalichapisha kila siku orodha ya askari waliokufa. Gazeti la New York Post liliweka jina la Roosevelt katika orodha ile ile, kwa mtindo ule ule wa askari wengine: jina, cheo cha Amiri Jeshi Mkuu, jina la mke, na anwani, Ikulu. Sijui tahariri yoyote iliyomheshimu zaidi.

Kuna wafu wengine ambao huzama kwenye habari ya rais. Tarehe 21 Machi 2021, wananchi walipokwenda kumuaga Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kulitokea msongamano na watu wakakanyagana. Siku kadhaa baadaye polisi walitaja idadi ya waliofariki: watu 45. Wakati idadi hiyo inatolewa, macho ya nchi yalikuwa yameshahamia kwenye serikali mpya, na wengi hawakuisikia kabisa. Watu 45 ni basi zima la watu waliotoka nyumbani kwenda kuaga. Dallas nao walikuwa na askari polisi, J. D. Tippit, aliyeuawa mchana ule ule wa Kennedy kwenye mtaa wa makazi, na ni magazeti ya mji yaliyomwandika kama mtu mwenye mke na watoto. Mkoa ukiwa na mtu wake katika msiba wa taifa, mtafuteni. Nendeni nyumbani, kaeni chini, msikimbilie kamera, subirini mkaribishwe.

Najua baadhi yenu mnajiuliza kuhusu usalama, na ni swali la haki. Ukanda huu unalijua jina la Daudi Mwangosi. Aliongoza klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, alikuwa mwandishi wa Channel Ten, na aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha zilizoonyesha alivyozingirwa zilipigwa na waandishi wenzake wa hapa hapa waliokuwa na kamera siku ile. Bila wao tungebaki na taarifa ya upande mmoja. Siwaambii mkajitupe motoni. Nawaambia msiende peke yenu, mwambieni mhariri mlipo, na kila mwenye kamera awe na mwenzake wa kumtazama. Sheria nazo zisomeni, ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ile ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 pamoja na marekebisho yake, mjue mpaka wenu uko wapi kabla mtu hajawaambia mmeuvuka. Mwandishi anayeandika jina la chanzo, saa na mahali ana ulinzi mkubwa kuliko anayeandika inasemekana.

Jambo la mwisho ni la makabati. Nimepita ofisi kadhaa za magazeti na redio katika mikoa hii nikauliza nakala za Machi 2021. Nyingine zimefungia maandazi, nyingine zimeliwa na mchwa, sauti za redio zimefutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa historia atakayezaliwa Makete au Ileje miaka 20 ijayo, akitaka kujua watu wa kwao waliipokeaje habari ile, ataikuta wapi? Nimeshazungumza na waandaaji, na wamekubali kwamba mchana huu, baada ya chakula, kila mmoja wenu mwenye daftari, picha au sauti ya siku zile aorodheshwe, ili tuanze kuvikusanya mahali pamoja, vipate nakala mbili, moja ibaki Mbeya na moja ipelekwe Iringa. Anayekumbuka Ijumaa ile ya Njombe kwa masikio yake mwenyewe aje nimwandike wa kwanza.

Asanteni sana. Mwenyekiti, kuna kijana wa Chunya ameinua mkono muda mrefu. Naomba tuanze na swali lake.